Mgeni Kwenye Mlango wa Seli

Wakunga wetu husema mtoto "amezaliwa amechoka": hakulia, amelegea, midomo imekuwa ya buluu. Akisaidiwa kupumua huweza kupata rangi, moyo ukashika mwendo, na chumba kizima kikashusha pumzi. Ubongoni mwake, hata hivyo, hatari ndiyo kwanza inajipanga. Saa kadhaa baadaye, seli zilizonusurika mwanzo huanza kufa.

Kinachoziua, kwa sehemu kubwa, ni glutameti, kemikali ambayo seli za neva huitumia kila siku kupashana habari. Seli iliyokosa oksijeni huimwaga ovyo. Ikizidi, hukiacha wazi kipokezi kiitwacho NMDA, mlango mdogo kwenye utando wa seli, na kalsiamu humiminika ndani mpaka seli ijimalize.

Mlango huo unaweza kuzibwa na gesi. William Ramsay na Morris Travers walipoigundua London mwaka 1898 waliiita zenoni, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mgeni. Kila nikilisoma jina hilo huikumbuka methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Zenoni ni mojawapo ya gesi adimu, zile zisizopenda kuungana na chochote. Ndiyo maana Cullen na Gross walipoitumia kama nusukaputi huko Marekani, mwaka 1951, fumbo lilibaki: gesi isiyoungana na kitu inamlazaje mtu? Mwaka 1998 Nicholas Franks na wenzake wa Imperial College London walionyesha kwamba huzuia kipokezi cha NMDA. Haiungani nacho kikemia. Hujipachika tu kwenye kijishimo kinachoitosha. Mgonjwa akiacha kuivuta, hutoka kwa pumzi kama ilivyoingia.

Mwaka 2010, mjini Bristol, mtoto mchanga alipewa zenoni kwa mara ya kwanza, huku mwili wake ukipozwa hadi nyuzi 33.5, tiba ambayo huendelea kwa saa 72. Matumaini yalikuwa makubwa, nami niliyashiriki. Lakini jaribio la Uingereza la watoto 92, lililotangazwa mwaka 2016, halikuonyesha kwamba zenoni iliongeza faida juu ya kupoza. Mwaka huohuo Finland ilitoa matokeo ya wagonjwa 110 walionusurika baada ya mioyo yao kusimama: waliopewa zenoni walikuwa na uharibifu mdogo zaidi kwenye nyuzi za ubongo, ingawa tofauti ya vifo haikutosha kuthibitisha kitu. Mimi naona saa ndiyo adui mkuu. Watoto wa Uingereza waliweza kuanzishiwa gesi hata saa 12 baada ya kuzaliwa, wakati mlango umeshakaa wazi muda mrefu.

Bei nayo inaumiza. Katika hewa, zenoni haifiki sehemu 1 kwa milioni 10. Arigoni, ndugu yake, inakaribia sehemu 1 kwa 100, na maabara zimeiona ikikinga ubongo na figo za wanyama, tena kwa njia isiyopitia NMDA. Ndiyo iliyomo kwenye mitungi ya mafundi wa kuchomelea. Tafadhali, mtungi huo usiuvute: bila oksijeni ya kuchanganya, gesi hiyohiyo huua.