Ubongo wa Mmoja na Ubongo wa Wengi: Kulinganisha Picha katika Utafiti wa Lugha

Makala haya yanakusudia kuwaeleza wanaisimu hatua moja ya utafiti wa lugha na ubongo ambayo aghalabu hutajwa kwa sentensi moja tu katika ripoti, ilhali matokeo yote huitegemea. Nayo ni hatua ya kuzigeuza picha za bongo za watu mbalimbali zilingane na kiolezo kimoja.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 mashine za sumaku zimewezesha kuonyesha ni sehemu zipi za ubongo zinazoongezewa damu yenye oksijeni mtu anaposikiliza sentensi. Badiliko hilo ni dogo mno, kwa hiyo mtafiti hukusanya watu wengi. Lakini mafuvu hayalingani, wala mikunjo ya ubongo haifanani. Nukta moja ikionekana kwa Juma na nyingine kwa Atieno, twajuaje kama ni mahali pamoja au la?

Mwaka 1988 Jean Talairach na Pierre Tournoux walitoa atlasi iliyopima kila mahali kwa milimita: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Msingi wake ulikuwa ubongo wa mtu mmoja tu, bibi Mfaransa wa miaka 60 aliyekwisha kufariki. Kiunguja kilipoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wako walionung'unika. Lakini Kiunguja angalau kilikuwa na wasemaji wengi! Baadaye, huko Montreal, kilitengenezwa kiolezo cha wastani wa bongo 305, kisha kingine cha bongo 152. Violezo hivi ni vikubwa kuliko ubongo wa yule bibi, hata namba za kimoja haziwezi kusomwa katika kingine bila kukosea kwa milimita kadhaa. Mwandishi asiyetaja kiolezo alichotumia humwacha msomaji gizani.

Picha za utendaji zenyewe zina ukungu. Kwa hiyo kwanza hulinganishwa na picha ya umbo la ubongo wa mtu yule yule, ambayo huonyesha mikunjo waziwazi. Picha hii ya pili ndiyo inayopelekwa kwenye kiolezo: husogezwa, huzungushwa, hukuzwa au kupunguzwa, na kuinamishwa, kwa vipimo 12 kwa jumla. Kisha huvutwa kidogo kidogo, kila sehemu kwa kadiri yake. Mageuzi yayo hayo ndiyo yanayotumiwa kwa picha za utendaji, ambazo mwishowe hutandazwa kwa milimita chache ili tofauti zilizosalia zifichike.

Zifichike, nasema, kwa sababu haziondoki. Mwaka 1999 Katrin Amunts na wenzake walichunguza seli za bongo kumi katika eneo la Broca. Waliona kwamba mipaka ya seli haifuati mifereji ya ubongo kwa uaminifu, na kwamba ukubwa wa sehemu ya 44 ulitofautiana hata mara kumi baina ya watu. Basi mikunjo yaweza kulingana ilhali kazi hazilingani. Sehemu ya lugha ya mtu mmoja ikiangukia juu ya sehemu isiyo ya lugha ya mwingine, wastani utatuonyesha eneo linalofanya kila kitu. Mabishano mengi kuhusu Broca yana asili hapo.

Mwaka 2010 Evelina Fedorenko na wenzake walipendekeza njia nyingine: kila mtu asome sentensi na pia mifululizo ya maneno yasiyo na maana, sehemu zake mwenyewe za lugha zitambuliwe kwa tofauti hiyo, kisha sehemu hizo ndizo zilinganishwe. Kwa maoni yangu njia hii yamfaa zaidi mwanaisimu, ingawa huongeza muda wa mtu kulala mashineni.

Jambo lenye hatari zaidi ni la wagonjwa wa afasia. Kompyuta ikikuta pengo lililoachwa na kiharusi huweza kuivuta nyama nzima ilijaze, na jeraha likaonekana dogo kuliko lilivyo. Hivyo mtafiti hulichora jeraha kwanza na kuiamuru kompyuta isilitie katika hesabu ya ulinganisho.