"Ukija, leta mkate": -ki- yetu na viambishi vya Kituruki

"Ukija, leta mkate." Je, kuja kwako ni hakika au ni labda? Kiambishi -ki- hubeba maana zote mbili, na msikilizaji huamua kwa muktadha. Mturuki hana nafasi hiyo. Akisema Gelirken ekmek getir, anajua unakuja, nawe ubebe mkate njiani. Akisema Gelirsen ekmek getir, bado hajui kama utakuja. Kwa hiyo mwanafunzi Mswahili asitafute -ki- moja ndani ya Kituruki. Ajiulize kwanza vitendo vyake viwili vinahusianaje.

Kama swali ni "lini?", jibu ni -ken. Hufuata umbo la mazoea: okur ni "husoma", okurken ni "wakati wa kusoma". Watendaji wanaweza kuwa wawili: Ben okurken annem yemek yapıyordu, yaani "Nilipokuwa nikisoma, mama alikuwa akipika." Viambishi vingi vya Kituruki hubadili irabu ili kupatana na shina, lakini -ken hakibadiliki: ni bakarken, "wakati wa kutazama", kamwe si bakarkan. Asili yake ni neno linalojitegemea, iken, ndiyo maana hushikana hata na nomino: çocukken, "wakati wa utoto".

Kama swali ni "vipi?", tumia -erek au -arak, kulingana na irabu ya shina. Gülerek konuştu: "Alizungumza akicheka." Hapa kwa kawaida mtendaji ni mmoja.

Kama kitendo kinaendelea au kinatiliwa mkazo, kitenzi hurudiwa kwa -e au -a: koşa koşa geldi, "alikuja mbio mbio". Ndivyo ilivyoundwa güle güle, "ukicheka, ukicheka", maneno ambayo anayebaki humwambia anayeondoka.

Jihadhari na mtendaji. Sisi humtaja ndani ya kitenzi: "Nilimwona Ayşe nikija" si sawa na "Nilimwona Ayşe akija." Gelirken haina ni- wala a-. Katika Gelirken Ayşe'yi gördüm, aliyekuwa akija ni mimi niliyeona. Kama aliyekuwa akija ni Ayşe, lazima atajwe mwanzoni: Ayşe gelirken onu gördüm.

Basi kabla ya kutafsiri -ki-, uliza: lini, vipi, kwa kurudia, au iwapo, kama katika Gelirsen? Ukishajibu, kiambishi utakijua.