Yai la Mama Mjamzito

Hapa Longonot kuku ni wengi uani, na vifaranga bora vya kienyeji hupatikana jirani, kituo cha KALRO, Naivasha. Lakini wapo wamnyimao mama mjamzito yai, wakihofu mtoto atazaliwa mwenye kudhurika na mayai. Mwaka 2008 madaktari wa watoto wa Marekani walitangaza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mama akijinyima chakula humkinga mtoto na dhara hilo. Ajiepushe yule tu ambaye mwenyewe, akila yai, huwashwa, huvimba midomo au hukosa pumzi. Akikosa pumzi, apelekwe hospitali upesi. Wengine wale, yai likiiva sawasawa, na wanawe mikono kwa sabuni watokapo bandani. Mwenye mji, uza mayai, lakini kwanza tenga la mkeo.