Sketi ya buluu na vipande vya kitenge



Juma hili ukurasa wetu wa kazi za mikono hauanzi na mtindo wa robe wala wa kilemba. Unaanza na sketi ya buluu ya mtoto wa shule.

Ninafundisha mwaka wa sita wa shule ya msingi hapa Bukavu. Sote tunajua mavazi ya masomo: shati nyeupe, sketi ya buluu. Jumatatu moja asubuhi, tukiwa kwenye mistari kwa kupandisha bendera, nilisikia watoto wakicheka. Msichana mmoja wa darasa langu alikuwa ameanza siku zake bila kujua, na sketi ilikuwa imeloa. Alifunga sweta kiunoni, akateremka kwao akilia. Hakurudi mpaka Ijumaa. Mwezi uliofuata akakosa tena siku nne.

Huyo ni mtoto mwenye akili ya hesabu kunishinda mimi nilipokuwa na umri wake. Tena mwaka wa sita ndio mwaka wa mtihani wa taifa. Nikapiga hesabu: siku 4 kwa mwezi, kwa miezi 9 ya masomo, ni siku 36. Ni zaidi ya mwezi mzima wa masomo unaopotea, na mtoto si mgonjwa, wala hana deni la shule.

Nilikwenda kumwona mama yake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia wazi: "Madamu, pesa ya kotex ndiyo pesa ya unga. Nichague nini?" Sikuwa na jibu. Lakini nilipokuwa nikipanda mlima kurudi nyumbani, nilipita kwenye atelye ya fundi wa kartie yetu. Alikuwa anafagia vipande vya vitenge kuvitia kwenye gunia la takataka. Nikaomba lile gunia.

Kosa letu la kwanza

Wengi mnakumbuka Jumamosi mbili tulizoshona pedi 40. Zilikuwa nzuri kuziona, kila moja na ua lake. Tulizipeleka shuleni, tukapiga picha pamoja na wasichana, tukarudi tumefurahi.

Baada ya mwezi niliuliza darasani kama zinawasaidia. Kimya. Siku hiyo yule msichana alibaki kufuta ubao, na wenzake walipotoka akaniambia polepole: "Madamu, ni nzuri, lakini zinapitisha. Na nikizianika, kaka zangu wanauliza ni nini."

Niliona haya. Alisema kweli. Kwa nje tulitumia kitenge kizuri, lakini ndani tulijaza tulichokuwa nacho, yaani pazia kuukuu la polyester, kitambaa kisichonywa maji hata kidogo. Na hakuna kati yetu aliyefikiri mtoto anayelala chumba kimoja na ndugu zake watano ataianika wapi. Tulishona kwa kufurahisha macho yetu, hatukumwuliza atakayevaa.

Si sisi tu tuliojifunza hivyo. Shirika la Days for Girls lilianza mwaka 2008, baada ya mwanzilishi wake, Mmarekani Celeste Mergens, kusikia kwamba wasichana wa kituo kimoja cha yatima huko Kenya walibaki vyumbani siku za hedhi, wamekalia vipande vya karatasi ngumu. Kwanza walipelekewa pedi za kutupa. Zilipokwisha shida ikarudi, tena hapakuwa na pa kuzitupa. Ndipo zikashonwa za kufua. Nazo zilibadilishwa mara nyingi kwa kufuata maneno ya wasichana wenyewe, mpaka ukapatikana mfano wenye michoro inayoficha madoa, na kitambaa cha ndani kinachokunjuliwa kikawa kama cha kunawia uso. Huyo anayeanikia mbele ya kaka zake hana tena cha kueleza.

Tulichukua wazo hilo, tukaanza upya. Hii ndiyo kazi yenyewe, kwa anayetaka kuifanya nyumbani.

Chagua kitambaa kwa maji na kwa moto

Kabla ya kukata, jaribu. Dondosha tone la maji juu ya kitambaa: likizama upesi, kitanywa, likikaa juu kama shanga, kiache. Kisha chukua nyuzi mbili tatu, uziwashe juu ya sahani, mbali na watoto. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Polyester huyeyuka na kubaki donge gumu. Sokoni Kadutu kuna vitenge vya namna zote mbili, na macho peke yake hayatoshi kuvitofautisha.

Kitambaa kipya kifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, ukikaushe, ukipige pasi. Hiyo hutoa wanga wa kiwandani unaozuia maji, na kitambaa hujikunja sasa, si baada ya kushonwa.

Pedi yetu ina sehemu mbili: ganda na moyo.

Moyo ni wa flaneli ya pamba. Kata miraba miwili ya sm 25 kwa sm 25. Iweke uso kwa uso, shona pembeni ukiacha sm 1, acha mlango wa vidole vitatu, geuza, funga mlango, kisha pitisha mshono mmoja kuzunguka. Utapata mraba wa sm 23. Ukiukunja mara tatu unakuwa na tabaka 6 za kunywa maji, na upana wa karibu sm 8. Flaneli ya mita 1 kwa mita 1 hutoa miraba 16, yaani mioyo 8. Huyo ni mtoto mmoja kamili, bila kutupa kipande.

Ganda ndilo linaloshika moyo na kuzuia maji yasifike kwenye sketi. Chora patroni kwenye karatasi ngumu: urefu sm 28, upana wa kati sm 10, na mabawa mawili ubavuni, ili kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine iwe sm 20. Kata mara mbili kwenye kitenge cha pamba, na mara moja kwenye kitambaa kisichopitisha maji. Cha mwavuli mzito au cha koti la mvua kinafaa, kama hakijapasuka. Mfuko wa plastiki usitumie: unapiga kelele mtoto akitembea, unatia joto, na unatoboka.

Kata pia vipande viwili vya kitenge vya kufunika ncha, kila kimoja kirefu kama sm 7. Hivi ndivyo mifuko ya kushikilia moyo usiteleze. Panga vyote, kitambaa cha mvua kikiwa katikati kikishashonwa, shona kuzunguka, geuza, kisha tia vifungo vya kubana kwenye mabawa.

Hapa kuna siri tuliyofundishwa na Koko mmoja wa chama, aliyeshona tangu ujana wake. Usipitishe sindano katikati ya ganda, hata kwa pambo. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Usibanie na pini pia. Tumia vibanio vya kuanikia nguo. Na uzi uwe wa polyester, maana uzi wa pamba hunywa maji na kuyatoa nje kupitia mshono.

Mwisho, jaribu kama tunavyojaribu darasani. Mwagia vijiko 2 vya maji juu ya moyo, weka ganda juu ya karatasi nyeupe, likalie dakika chache. Karatasi ikitoka kavu, kazi imefaulu. Ikiloa, fumua. Sisi tulifumua magamba 11 ya kwanza, na hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi.

Mfuko wa mtoto mmoja

Kila msichana hupata magamba 2, mioyo 8, chupi 2, kipande cha sabuni na mfuko mdogo wa kitenge wa kufunga kwa kamba. Tunampa pia maneno, maana kitambaa bila maneno hakitoshi.

Abadilishe moyo kila saa 4 hadi 6. Aufue kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hushikiza damu, kisha kwa sabuni, asuuze mpaka maji yawe safi. Aanike kwenye jua kamili, asifiche chini ya kitanda, maana unyevu huleta harufu na magonjwa ya ngozi. Wakati wa mvua, ambao hapa kwetu ni mrefu, apige pasi ya moto mpaka moyo ukauke kabisa. Asitumie kilicho na unyevu, na asimwazime mwenzake.

Na sisi wamama tusiwaachie walimu kazi yote. Mtoto asisikie habari za mwezi kwa mara ya kwanza siku anapochekwa. Tarehe 28 Mei, tangu mwaka 2014, dunia huadhimisha siku ya usafi wa hedhi. Imechaguliwa hiyo kwa sababu mzunguko huhesabiwa kuwa kama siku 28, na hedhi yenyewe kama siku 5, nayo Mei ni mwezi wa tano. Ni siku nzuri ya kukaa na binti yako jikoni na kusema naye bila haya.

Uzuri haukatazwi

Sasa mtaniuliza, mitindo iko wapi? Ipo, na ndiyo inayolipa flaneli, kwa sababu flaneli hatuipati kwenye gunia la fundi.

Vipande vikubwa tunavishona mabegi ya shule na mifuko ya soko. Vyembamba vinakuwa mikanda ya kichwa. Vidogo kabisa tunavifunikia vifungo: robe ya rangi moja, hata ya mitumba, ikipewa vifungo 6 vya kitenge na kola ya kitenge hichohicho, hutaitambua. Ukiunganisha vitenge vya michoro mbalimbali, tafuta rangi moja inayorudi katika vyote, hata ikiwa kidogo. Hiyo ndiyo inayovipatanisha. Michoro mikubwa miwili isikae pamoja. Weka mkubwa mmoja, mdogo mmoja, na kitambaa kitupu kati yao.

Vipande vya vikwembe vya tarehe 8 Machi msivitupe. Mwaka huu tumevishonea magamba, na wasichana walifurahi kuona wana kitambaa kimoja na mama zao.

Kanuni yetu ni rahisi: begi moja likiuzwa, linalipa mita 1 ya flaneli. Anayevaa mkanda wetu harusini amemwezesha mtoto fulani kukaa darasani, ingawa hatamjua.

Mji wetu unajua nguvu ya sindano. Hospitali ya Panzi ilianzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kwenye Maison Dorcas, nyumba ya Panzi inayopokea wanawake na wasichana baada ya matibabu, ushonaji ni moja ya kazi wanazofundishwa. Mtu aliyeumizwa anakaa mbele ya cherehani, anashona nguo, anaiuza, anaanza kupanga kesho yake. Sisi wenye afya na makasi mkononi tuna sababu gani ya kukaa bure?

Na yule msichana?

Yeye ndiye wa kwanza aliyepokea mfuko mpya, na ndiye tuliyemwomba atuambie makosa. Alisema mabawa yalikuwa mapana. Tulipunguza sm 1 kila upande kwa wasichana wadogo. Alisema rangi nyeupe isiwepo hata kidogo; tukaiondoa. Muhula huu amekosa siku moja tu, nayo ilikuwa ya malaria. Kaka zake wanaona vitambaa vya uso kwenye kamba, basi.

Darasani kwangu wasichana waliobaki bila mfuko ni 14. Kwa hesabu yetu, hiyo ni flaneli mita 14, magamba 28 na mioyo 112. Jumamosi tunakutana kama kawaida baada ya saa nane. Mwenye cherehani aje nayo, asiye nayo aje na makasi. Mwenye gunia la vipande asiliache nyumbani. Asiyejua kushona atakunja, atapiga pasi, atabeba maji, atatubembelezea watoto.

Haba na haba hujaza kibaba. Ila tafadhali, mama zangu, mapazia ya polyester yabaki madirishani.