Land Rover ya Marehemu Baba ni ya Mwaka Gani?

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, miongoni mwa mali anazoacha mzazi huwamo Land Rover kuukuu, imeegeshwa uani chini ya mwembe. Siku ya kukadiria mirathi inapowadia, swali la kwanza huwa bei, na bei haiwezi kutajwa kwa uadilifu kabla ya kujulikana mwaka. Mmoja husema gari ni la 1958, kwa kuwa ndivyo alivyosikia tangu utotoni. Mwingine hutoa kadi iliyoandikwa 1974. Dalali naye hutaja mwaka utakaomnufaisha. Hapo ndugu huanza kutazamana kwa shaka.

Ndugu msomaji, yawezekana wote hao wasiwe waongo. Gari la aina hii huweza kuwa na miaka mitatu tofauti: mwaka lilipoundwa, mwaka lilipounganishwa au kufika nchini, na mwaka liliposajiliwa. Kadi mara nyingi hubeba huo wa mwisho. Wanaobishana huwa wanajibu maswali matatu wakidhani ni moja.

Anza kwa macho. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, nayo iliundwa Solihull, Uingereza. Toleo la kwanza, Series I, liliendelea hadi 1958. Lilianza na umbali wa inchi 80 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mwaka 1954 zikaja za inchi 86 na 107, kisha zikafuata za inchi 88 na 109. Series II ilitoka mwaka 1958, ubavu wake ukiwa umetuna kidogo. Mwaka 1961 ikaja Series IIA, nayo Series III ikaanza mwaka 1971 na kudumu hadi 1985. Hii ya mwisho hutambulika kwa wavu wa plastiki mbele ya rejeta, na kwa saa za dashibodi zilizo mbele ya dereva badala ya katikati. Taa za mbele zilizo karibu na wavu ni dalili ya ukongwe. Zilihamishiwa pembeni mwishoni mwa miaka ya 1960.

Hata hivyo, sura ya gari hili si ushahidi wa kutosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini na kufungwa kwa bolti. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, na bolti hufunguka. Kwa sababu hiyo gari moja laweza kuwa na boneti ya mwaka huu, milango ya mwaka ule na injini iliyotolewa katika gari la tatu. Namba ya injini, kwa hiyo, isichukuliwe peke yake kuwa hoja.

Shahidi mwenye uzito ni namba ya chasisi. Katika Series II, IIA na III, itafute kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikiliwa. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi ya waya taratibu. Usitumie tindo wala mashine ya kusagia, kwani utafuta unachokitafuta. Kisha ilinganishe na kibao kidogo cha bati kilichomo ndani ya gari, na baadaye na kadi. Vitatu vikiafikiana, umepata msingi. Vikipingana, simamisha mauzo hadi sababu ijulikane, kwa kuwa kibao hung'olewa kikahamishwa na chasisi iliyooza hubadilishwa.

Namba hiyo husomwa hivi. Katika Series II, tarakimu tatu za mwanzo hutaja aina ya gari, na ya nne hutaja mwaka: 8 ni 1958, 9 ni 1959, 0 ni 1960, 1 ni 1961. Huo ni mwaka wa toleo, ambao kiwandani huanza kabla ya Januari. Gari lenye 0 laweza kuwa limeundwa mwishoni mwa 1959. Katika Series IIA tarakimu ya mwaka iliondolewa. Hapo hutazamwa namba ya mfululizo pamoja na herufi ya mwisho, A, B, C na kuendelea, inayoonesha mabadiliko ya kiufundi. Herufi hiyo humsaidia pia fundi kuagiza kipuri kinachoingia. Baadaye zilikuja namba za herufi na tarakimu 17, zinazoanza na SAL.

Tarakimu za mwanzo hueleza jambo jingine linalotuhusu. Katika Series IIA fupi ya petroli, 242 ni gari la usukani wa kulia lililosafirishwa likiwa kamili, na 243 ni lile lililosafirishwa vipande vipande ili liunganishwe nchi nyingine. Kiwanda cha Thika, Kenya, kiliunganisha Land Rover kwa njia hiyo. Kwa magari hayo, siku ya kuondoka Solihull si siku ya kukamilika.

Vifaa vidogo navyo hutoa ushahidi. Dinamo na stata za Lucas aghalabu hugongwa tarehe. Kifaa kimoja hakithibitishi kitu, lakini vinne vyenye tarehe zinazokaribiana vina uzito.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Madaftari ya kiwanda yamehifadhiwa Gaydon, Uingereza, kwenye jumba la makumbusho ya magari. Kwa malipo, mwenye namba ya chasisi huweza kupatiwa cheti chenye tarehe ya kuundwa, ya kutumwa, na mahali lilikopelekwa. Kwa gari linalodaiwa kuwa la miaka ya mwanzo, ambayo wakusanyaji wa magari ya kale huyatafuta sana, gharama hiyo ni ndogo kuliko ugomvi wa ndugu.

Basi kabla ya kugawana, andikeni karatasi moja mbele ya warithi wote: namba ya chasisi kama ilivyosomwa kwenye chuma, mwaka wa kuundwa na ushahidi wake, mwaka wa kusajiliwa, na vipande vinavyojulikana kubadilishwa. Mwaka usiothibitika uandikwe kuwa haujathibitika. Nakala apewe kila mrithi, na nyingine mnunuzi. Bei huenda ikapungua kwa kusema hivyo, lakini hakuna atakayerudi mwakani kudai kuwa alidhulumiwa.