Hodi ya Baiskeli

Mhariri alipotangaza kwamba makala zinatakikana, wengi chamani walikimbilia mashairi na methali. Mimi nimechagua baiskeli, na sababu ninayo. Baiskeli yangu ilimvunja mkono nyanya wa watu.

Ilikuwa muhula wa pili mwaka jana. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na nyumbani kwetu ni upande wa Mumias, kilomita saba hivi kutoka shuleni. Naendesha baiskeli ya marehemu babu, zile nyeusi nzito zinazoitwa Black Mamba, ambazo breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya waya. Usiku huo mvua ilikuwa imenyesha kweli kweli, na asubuhi nilikuwa nimechelewa. Kabla ya kijito kuna mteremko, njia ni nyembamba na miwa imesimama kama ukuta pande zote mbili. Nikauachilia mteremko ule bila kukanyaga pedali, upepo ukinipiga usoni, raha tupu. Mara nikamwona nyanya mbele yangu, ananipa mgongo, mtungi wa maji kichwani.

Nikapiga kengele. Nikaminya breki, nazo zikanicheka. Nikasema moyoni, nitapita kushoto. Naye aliposikia kengele alishtuka akaruka kando, na kando yenyewe ilikuwa kushoto huko huko! Lo! Mtungi ulienda wake, nami nikaishia kwenye miwa. Nyanya alianguka akajishika kwa mkono, mfupa wa kifundo ukavunjika.

Alifungwa plasta wiki sita. Wiki sita mama wa watu hawezi kupalilia wala kukamua ng'ombe. Baba alinipeleka kwake kuomba radhi, nikapiga magoti nikasema, "Nisamehe, kukhu." Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kengele niliisikia. Lakini wewe ulipiga hodi ukiwa umeshaingia jikoni."

Maneno hayo yamenikaa kichwani mpaka leo. Hebu fikirini. Sisi sote tumefunzwa hodi. Mgeni husimama mlangoni, akaita, akangoja aitikiwe karibu, ndipo aingie. Akinyamaziwa huita tena, hata mara tatu. Hodi inampa mwenye nyumba nafasi ya kujua ni nani na kujiweka sawa. Kumbe kengele ya baiskeli nayo ni hodi, lakini sisi tumeigeuza kuwa amri: "Toka!" Na tunaipiga tukiwa tumeshafika.

Twende sasa kwenye hesabu, maana mwalimu wetu wa fizikia hatanisamehe nikiiruka. Baiskeli kwenye tambarare, mtu asipojitia mashindano, huenda kama kilomita 18 kwa saa. Hiyo ni mita 5 kila sekunde. Mtu anayetembea kwa haraka kidogo huenda kama mita moja na nusu kwa sekunde. Basi nikimjia kwa nyuma, ninamkaribia kwa mita tatu na nusu kila sekunde. Nikipiga kengele nikiwa mita 20 nyuma yake, ana karibu sekunde sita za kusikia, kugeuka, kuona niko upande gani na kusogea taratibu. Nikiipiga nikiwa mita 5, hana hata sekunde mbili. Katika muda huo akili haichagui. Miguu inaruka yenyewe, na hakuna ajuaye itarukia wapi. Ndiyo maana nasema kengele iliyochelewa ni mbaya kuliko kunyamaza. Angalau ningenyamaza, nyanya angeendelea kwa mstari wake nami ningempita, ingawa hata huko si kuungwana.

Kwenye mteremko mambo huharibika maradufu, tena zaidi ya maradufu. Baiskeli ikifikia kilomita 36 kwa saa, mwendo umezidi mara mbili, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza imezidi mara nne. Yaani breki zile zile zitahitaji umbali mara nne kukusimamisha. Kabla hata hujaminya, sekunde moja ya kushtuka imeshakula mita 10. Ongeza gunia la mahindi au ndugu yako mdogo kwenye keria, uone. Ongeza na mvua: breki za aina yangu ni mipira inayosugua rimu, na rimu ikilowa, mipira huteleza kwanza, gurudumu likazunguka mara kadhaa kabla maji hayajafutika. Fundi mmoja sokoni alinifundisha kugusa breki kidogo kidogo kabla ya kufika mteremkoni ili rimu ikauke. Pia alinionyesha mipira yangu ilikuwa imeliwa hadi karibu na chuma. Mwaka mzima naendesha, sijawahi hata kuinama kuitazama!

Jambo ambalo waendeshaji wengi hatulijui ni kwamba baiskeli haina sauti. Gari na pikipiki hujitangaza zenyewe. Upande wetu huu, mpaka wa Busia ndiko boda boda ilikozaliwa katika miaka ya 1960, na wakati huo ilikuwa baiskeli, ikivusha watu na mizigo baina ya Kenya na Uganda. Leo jina hilo limechukuliwa na pikipiki, na masikio ya watu yamezoea mngurumo. Asiposikia mngurumo, mtu hudhani njia ni tupu. Sasa mwongeze mama aliyebeba mtungi wa lita 20. Hizo ni kilo 20 kichwani. Shingo haigeuki, na akiruka, maji yanamvuta. Kuna pia mzee asiyesikia vizuri, na mtoto anayemwona mama yake ng'ambo ya njia akachomoka kama risasi. Kwa watu hawa kengele haitoshi hata ukiipiga mapema. Punguza mwendo mpaka uwe kama wa mtembeaji, na pasipokuwa na nafasi, shuka usukume. Kushuka hakuvunji heshima ya mtu, ingawa najua vijana wa kidato cha tatu wataona nimezeeka.

Nimegundua pia kwamba sauti ya mtu inashinda kengele. Kengele haisemi iko upande gani. Lakini ukisema kutoka mbali, "Hodi nyuma! Napita kulia, mama," yeye hana haja ya kubahatisha. Tangu muhula huo nafanya hivyo kila siku. Mwanzoni watu walinicheka, ati mtoto wa shule anapiga hodi barabarani. Siku hizi wengine hunijibu "Karibu!" bila hata kugeuka, wakasogea hatua moja, nikapita.

Sasa na waendao kwa miguu nao wasijione malaika. Nasema na ninyi mnaotoka michezo saa kumi na moja jioni mkiwa safu ya watu watano, mkono wa huyu begani kwa yule, barabara nzima mmeijaza mkisimulia mpira! Hodi ikipigwa, wawili wanakwenda kushoto, wawili kulia, na wa tano anabaki katikati akicheka.

Kwenye barabara ya lami yenye magari kuna kanuni ya zamani ambayo wengi tuliisikia shule ya msingi tukaisahau. Hapa Kenya vyombo hupita kushoto, na baiskeli ni chombo, kwa hiyo nayo hukaa kushoto. Mtembeaji, pasipo na njia yake ya kando, hukaa kulia. Kwa nini? Kwa sababu ukikaa kulia, kila kinachokuja upande wako kinakuja usoni pako. Unaona gari, unaona baiskeli, mwendeshaji naye anaona macho yako. Baiskeli inayotoka nyuma yako iko ng'ambo kule. Kanuni hii fupi inaondoa kabisa jambo lililomvunja nyanya mkono, yaani kujiwa kwa nyuma. Lakini mwendesha baiskeli mmoja akiamua kupita kulia kwa sababu huko lami haina mashimo, kanuni yote imekufa.

Ziko barabara zilizotenga njia za miguu na za baiskeli, kama ile ya Nairobi kwenda Thika iliyozinduliwa mwaka 2012. Sisi wa vijijini hatuna hizo. Njia zetu za miwani hazina kushoto wala kulia, na upana wake ni wa mtu mmoja na kivuli chake. Ndiyo maana huku hodi ndiyo alama yetu ya barabarani.

Neno juu ya giza. Kwetu jua likizama, giza halichelewi. Sweta zetu za shule ni za rangi iliyoiva, na mtu aliyezivaa kando ya miwa haonekani mpaka umemfikia. Mimi huivua sweta nikabaki na shati jeupe. Baiskeli nayo iwe na taa mbele na kioo chekundu nyuma, na kama taa huna, tembea ukiisukuma. Jioni kuna adui mwingine: anayeelekea magharibi hupigwa na jua machoni, haoni kitu. Ukiona mwendeshaji amekunja uso akielekea jua, jua kwamba hajakuona.

Mkono wa nyanya ulipona, ila anasema humwuma siku za baridi. Jumamosi mimi humchotea maji, mtungi nikaufunga kwenye keria kwa mpira. Tukifika mteremko ule, hushuka. Mimi nashika usukani, yeye anashikilia mtungi kwa ule mkono mzima, tunateremka kwa miguu mpaka kijitoni, na tukisikia pikipiki tunasogea miwani kungoja ipite.