Tope Katika Mnyororo wa Nanga

Watu wengi wa bara hudhani ya kuwa chombo cha baharini huangamizwa na dhoruba tu. Lakini wazee wa kisiwa cha Lamu, hasa wa Matondoni, kijiji kisifiwacho kwa kuunda majahazi, wamjua adui mwingine aliye mkimya: ni neno "kesho".

Tazama nanga ing'olewapo katika hori yenye mikoko. Mnyororo huja juu umejaa tope jeusi lenye kunuka. Mabaharia wamechoka, upepo ni mzuri, na kila mmoja asema, "Tutausafisha tukifika." Basi mnyororo huingizwa ndani jinsi ulivyo. Tope lile hushika maji ya chumvi, nayo chumvi hula chuma usiku na mchana. Maji yachuruzikayo hushuka ngamani, yakanukisha chombo na kuharibu shehena. Lililo baya zaidi, tope huficha pete iliyolika. Na mnyororo mzima hauna nguvu kupita pete yake iliyo dhaifu kuliko zote. Pete hiyo ikikatika usiku, wakati wa kusi kali, chombo huchukuliwa mpaka mwambani pamoja na watu wake.

Dawa yake si ghali. Mnyororo uvutwe polepole, utikiswe ungali majini, kisha usuguliwe kwa brashi na kumwagiwa maji kabla ya kuingizwa. Chombo kikiwa pwani, utandazwe mchangani na kila pete itazamwe. Mara kwa mara ugeuzwe, upande wa nanga uwe upande wa chombo, ili ulike sawasawa.

Ndivyo ilivyo kwa mbao pia. Maji ya bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu. Chombo hupandishwa, na maji yakipwa hubaki pakavu. Ndipo mafundi huchoma makuti chini yake kuua wadudu watoboao mbao, hukalafati nyufa kwa pamba, na kupaka deheni ya chokaa na shahamu. Mwenye kuiacha bamvua moja atangoja wiki mbili hivi, lakini mdudu hangoji.

Yako mambo yawezayo kungoja: tanga jipya, rangi ya kupendeza, hata injini. Lakini kukitunza kilichopo hakungoji fedha. Kwahitaji mikono, na maji ya bahari hayauzwi. Mkulima aachaye jembe na udongo wake, na karani alimbikizaye barua mezani, wote watamwelewa nahodha huyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na baharini hakuna mahali pa kujenga ukuta.